Karani na Mpagazi

Lugha ya Kiswahili imehifadhi hekima kubwa katika neno dogo. Neno zoezi limezaliwa na kitenzi zoea. Aliyeliunda, awe alikuwa mtu mmoja au kizazi kizima, alijua kwamba jambo linalotendwa mara moja likaachwa si zoezi bali ni tukio. Mtu anayemkimbia mbwa amekimbia kweli, lakini hakufanya zoezi. Zoezi ni tendo lililorudiwa hata mwili ukaliona kuwa ni desturi yake, ukalidai linapokosekana kama unavyodai chakula na usingizi. Kwa hiyo mwenye kusema mazoezi ya kila siku amesema jambo moja mara mbili. Na kosa lake si kubwa, maana jambo lenyewe ni la kurudiwa.

Mwili wa mtu una maadui wawili wasiofanana sura. Wa kwanza ni kukaa mno, na wa pili ni kuchoka mno. Wa kwanza huja na kiti laini na kivuli. Wa pili huja na mzigo na jua. Wa kwanza humpumbaza mtu hata viungo vyake vikasahau kazi. Wa pili humtumikisha hata viungo vyake vikasahau raha. Watu wengi humwogopa wa pili na kumkaribisha wa kwanza kama mgeni wa heshima. Lakini njia za maadui hawa, ijapokuwa ni mbili, huishia katika mlango mmoja, nao ni mlango wa tabibu.

Jambo hili huonekana wazi Kivukoni, Dar es Salaam, katika kila siku ya kazi. Jua linapokaribia kupanda, pantoni kutoka Kigamboni hugusa gati, hufungua mlango wake na kumimina umati wa watu. Upande mmoja soko la samaki limekwisha amka: wachuuzi wananadi, wapaa samaki wameinama juu ya meza zao, na vijana wenye ndoo vichwani wanapita mbio wakiomba njia. Upande wa pili mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka wa 2016, yanageuza katika kituo chao cha mwisho. Umati ule hugawanyika. Baadhi ya watu huelekea katika majengo marefu, ambako watakaa mpaka jioni. Wengine hushika njia ya Kariakoo, ambako hawatakaa mpaka jioni. Baina ya Kivukoni na Kariakoo hakuna hata kilomita 4, lakini baina ya siku ya mtu wa hapa na siku ya mtu wa kule kuna masafa makubwa.

Katika umati huo wa pantoni walikuwamo kwa miaka mingi ndugu wawili. Mmoja alikuwa karani wa hesabu katika ofisi ya ghorofa iliyo karibu na maji. Wa pili alikuwa mpagazi sokoni Kariakoo. Baba zao walikuwa ndugu wa tumbo moja, na wao wenyewe walizaliwa katika kijiji kimoja cha milima ya Uluguru, mpagazi akimzidi karani kwa miaka mitano. Utotoni walipanda na kushuka mlima pamoja: kwenda shule, kuteka maji, kufuata kuni, na kupeleka ndizi gulioni. Hakuna aliyewaambia kwamba walikuwa wakifanya mazoezi. Mlima ulikuwa mwalimu wao, na mwalimu huyo hakuwa na likizo.

Jiji liliwapokea wote wawili, kisha likawagawa. Mmoja likamfundisha kukaa, na wa pili likamfundisha kutopumzika. Karani alishuka pantonini akapanda bajaji kwa mwendo ambao mtoto angeumaliza kwa kucheza, kwa sababu alihofia vumbi la viatu vyake. Ofisini alipandishwa na lifti. Kwenye meza yake aliletewa chai na chapati asubuhi, wali adhuhuri, na soda alasiri. Kitambi kilipojitokeza, jamaa zake walikishangilia. Walisema kwamba mji umemkubali. Hii ni bahati mbaya ya tumbo, kwamba aghalabu husifiwa kwa ukubwa kabla ya kulaumiwa kwa maradhi.

Karani hakukosa onyo. Baba yake, ambaye alikuwa dereva wa lori, alipigwa na kiharusi akiwa na umri wa miaka 57, akafa bila ya kusema neno. Lakini mwanadamu huona kifo cha mzazi wake kuwa ni habari ya mzazi wake. Onyo lililomfikia lilikuwa dogo zaidi. Siku moja umeme ulikatika, lifti ikasimama, na karani akalazimika kupanda ngazi za ghorofa nne. Alipofika juu alimkuta mama mmoja mfagizi, mwenye umri wa kumzaa, ambaye alikuwa amepanda ngazi zile zile akiwa na ndoo ya maji mkononi. Adabu ilimtaka karani atoe shikamoo. Alifungua kinywa, salamu haikutoka. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi, na moyo ukigonga masikioni. Mama yule aliisubiri heshima yake kwa muda, kisha badala ya kuitikia marahaba alisema, "Pole, mwanangu." Karani aliona haya kwa neno lile kuliko ambavyo angeona haya kwa tusi.

Katika zahanati aliambiwa kwamba shinikizo la damu yake lilikuwa 168 juu ya 104. Tabibu alimpa mambo mawili: vidonge vya kumeza kila siku, na amri ya kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku, walau siku tano za juma. Karani aliviamini vidonge akaitilia shaka amri, maana vidonge vilikuwa na bei na amri ilikuwa bure. Watu wengi wa mjini wana tabia hiyo. Wameuziwa kila kitu kwa muda mrefu hata wanadhani kwamba kisichouzwa hakina thamani.

Lakini amri ile haikuwa ya kubuni. Nyuma yake ilisimama elimu yenye umri. Mwaka wa 1953 tabibu mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi juu ya watumishi wa mabasi ya ghorofa ya London. Katika kila basi walikuwamo watu wawili, wenye mshahara usiopishana sana na wenye kuvuta hewa moja. Dereva alikaa, kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi, ngazi baina ya 500 na 750 kwa siku. Ilionekana kwamba maradhi ya moyo yaliwapata makondakta kwa uchache kuliko madereva, na yalipowapata yalichelewa na hayakuwaua kwa wepesi ule. Walipotazamwa watumishi wa posta ilikuwa vivyo hivyo: waliopeleka barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani waliokaa. Morris mwenyewe aliishi hata mwaka wa 2009, akafa na umri wa miaka 99. Umri wa mtu mmoja si ushahidi wa elimu, lakini haukuiaibisha. Na lau baba yake karani angeisikia habari ile ya madereva, yamkini angeshuka katika lori lake mara moja moja akanyoosha miguu.

Sababu za jambo hili zinaelezeka. Moyo ni msuli, na msuli ukitumiwa kwa kiasi hupata nguvu. Moyo wenye nguvu husukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo hupiga mara chache zaidi mtu anapotulia, nao hupata nafasi ya kupumzika baina ya pigo na pigo. Damu inapopita kwa kasi katika mishipa, kuta za mishipa hulegea na kupanuka, na kwa mazoea hubaki laini kuliko zilivyokuwa. Misuli inayofanya kazi huifyonza sukari iliyomo katika damu, na kwa njia hiyo huusaidia mwili dhidi ya kisukari. Mifupa inayobebeshwa uzito wa mwili huimarika. Usingizi huwa mzito, na huzuni huwa nyepesi. Tabibu mwenye kupima shinikizo la damu ya mgonjwa aliyezoea kutembea kwa haraka huliona limeshuka, aghalabu kwa milimita 5 hadi 8 za zebaki. Si kushuka kwa muujiza, lakini ni kushuka kunakoweza kuongeza miaka ya kuishi.

Wala jambo hili si la London peke yake. Uchunguzi uliofanywa baina ya mwaka wa 2003 na wa 2006 katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam ulichapishwa mwaka wa 2010. Ulionyesha kwamba, umri wa watu ukishasawazishwa katika hesabu, kiharusi kipya kiliwapata kwa mwaka watu kama 109 katika kila watu 100,000 kule Hai, na watu kama 316 Dar es Salaam. Mwaka ule ule ulitolewa uchunguzi mwingine, uliowafuata watu waliotoka vijiji vya Morogoro kuhamia Dar es Salaam. Kabla ya kuhama, wanaume karibu 8 katika kila 10 walikuwa wakifanya shughuli za kutumia nguvu nyingi. Baada ya mwaka mmoja wa mji walisalia kama robo. Wanawake walishuka kutoka zaidi ya theluthi moja hata chini ya mmoja katika sita. Na uzito uliongezeka, kwa wanaume na kwa wanawake, zaidi ya kilo 2. Chumvi, mafuta, tumbaku na shinikizo la damu lisilotibiwa vina sehemu yao katika maradhi ya mji, na si haki kukitwisha kiti lawama yote. Lakini habari ya watu hao wa Morogoro ilikuwa habari ya karani huyu, imeandikwa kwa tarakimu.

Basi karani akaanza. Aliposhuka pantonini alivaa raba alizozificha mfukoni mwa begi, akafuata barabara ya pwani iliyokuwa ikiitwa Ocean Road na ambayo sasa ina jina la Barack Obama. Alikwenda mpaka karibu na hospitali ya kale iliyojengwa na Wadachi mwishoni mwa karne ya 19, ambayo leo ni taasisi ya matibabu ya saratani, kisha akarudi. Siku ya kwanza aliona kana kwamba bahari nzima inamtazama. Siku ya pili magoti yalimlaumu. Siku ya tatu mvua ilinyesha, naye akaishukuru mvua. Juma la pili alitaka kuacha, na hapo ndipo lilipodhihirika neno lile la zoezi na zoea: kisichozoeleka bado ni adhabu, na adhabu haikimbiliwi na mtu. Alivumilia. Mwezi wa pili mwili wenyewe ulimwamsha kabla ya adhana. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Karani aligaagaa na upwa bila ya kuokota samaki hata mmoja, lakini kitoweo alichokipata kilikuwa pumzi yake mwenyewe. Mwezi wa nne alipanda ghorofa nne kwa hiari, akamkuta yule mama mfagizi, akampa shikamoo yake kamili pamoja na ile aliyokuwa akidaiwa.

Hapo ndipo mpagazi alipoisikia habari hii. Alicheka kwa sauti hata watu wa pantonini wakageuka.

"Shikamoo, kaka," karani alisema.

"Marahaba, mdogo wangu. Nimeambiwa kwamba siku hizi unatembea ufukweni bila ya kwenda popote."

"Ni agizo la tabibu, kaka."

"Mwambie tabibu wako aje Kariakoo. Nitamtwika gunia la viazi alipeleke Gerezani. Akirudi mara kumi hatahitaji tena bahari."

Watu walicheka pamoja naye, na karani pia akacheka. Maneno yale yalikuwa na ukweli wa nje. Mpagazi alikuwa na kifua kipana, shingo kama shina la mwembe, na tumbo lisilo na ziada. Tangu alfajiri mpaka magharibi alibeba juu ya ngata, alibeba mgongoni, alisukuma mkokoteni. Kama afya ni mwendo, nani mwenye afya kuliko yeye? Lakini siku moja, katika upimaji wa bure wa watu viwanjani Mnazi Mmoja, naye aliketi akafungwa kitambaa mkononi. Shinikizo la damu yake lilikuwa kubwa kuliko lile la karani lilipokuwa baya kabisa. "Mashine hii imeharibika," alisema. "Mimi natembea kutwa." Ikaletwa mashine nyingine, nayo ikasema vile vile.

Mshangao wake ulikuwa wa haki, na hauwezi kujibiwa kwa kicheko. Ikiwa mwendo ni dawa, kwa nini mwenye kuinywa kutwa anaugua? Sehemu ya jibu imeandikwa katika jina la soko lenyewe. Kariakoo ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi katika Vita Kuu vya mwaka wa 1914 mpaka wa 1918, ambao walikuwa na kambi yao mahali hapo baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka wa 1916. Watu hao walitembea kuliko watu wote wa zama zao. Walitembea mamia ya maili wakiwa na mizigo vichwani, kwa chakula haba, bila ya viatu, bila ya siku ya kupumzika. Wakafa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na njaa, homa, kuhara na uchovu waliwazidi mbali waliouawa na risasi. Katika njia ya kutoka Kivukoni kwenda Kariakoo imesimama sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka wa 1927, na maandishi yake huwataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni sifa nzuri, lakini ndani yake mna msiba: mtu aliyefanywa kuwa miguu na mikono amesahauliwa kwamba ana moyo.

Elimu ya siku hizi imelichungua jambo hili pia. Mwaka wa 2021 wataalamu wa Denmaki walitoa habari za watu zaidi ya 100,000 wa Copenhagen. Waliokuwa wakijinyoosha kwa hiari katika wakati wao wa faragha walipungukiwa na maradhi ya moyo na vifo. Waliokuwa na kazi nzito ya kutwa hawakupata faida hiyo, bali hatari yao iliongezeka. Sababu zinazotajwa zaeleweka hata na asiye tabibu. Mazoezi huuharakisha moyo kwa muda mfupi, kisha huuacha utulie kwa muda mrefu. Kazi nzito huuharakisha kwa saa nyingi bila ya kuuachia. Kunyanyua uzito mkubwa na kuudumu nao hulipandisha shinikizo la damu na kulishikilia juu. Aliyechoka leo hujilaza na kuamka na uchovu wa jana. Wako wataalamu wasiokubali yote hayo. Husema kwamba mwenye kazi nzito mara nyingi ni maskini pia, na kwamba umaskini una njia zake nyingi za kuua. Upinzani huo hauipunguzi hoja. Huiongezea uzito.

Tena upo ushahidi unaoonyesha kwamba si kazi yenyewe iliyo na sumu. Makuli wa bandari ya San Francisco, watu zaidi ya 6,000, walifuatwa kwa miaka 22 na tabibu Ralph Paffenbarger, na matokeo yakatolewa mwaka wa 1975. Kwao wao, waliobeba mizigo mizito walikufa kwa maradhi ya moyo kwa uchache kuliko waliofanya kazi nyepesi. Lakini kazi yao ilikuwa ya vipindi, nguvu nyingi kisha pumziko. Na hapa Tanzania, kando ya ziwa Eyasi, Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi walipimwa, ikaonekana kwamba hutumia zaidi ya saa mbili kwa siku katika mwendo wa haraka na kazi za nguvu, na maradhi ya moyo ni haba miongoni mwao. Waliopima zaidi wakashangaa kuona kwamba watu hao hao hupumzika kama saa 10 kwa siku mbali na usingizi, tena aghalabu kwa kuchuchumaa na kupiga magoti, mikao isiyoiacha misuli ilale kabisa. Mhadzabe basi si mtu asiyepumzika. Ni mtu anayejua kwenda na kujua kutulia, naye hakunyang'anywa lolote katika hayo mawili.

Kwa hiyo zoezi lina masharti matatu. Sharti la kwanza ni hiari: mtu aweze kuanza na aweze kukoma. La pili ni kiasi: mwili usumbuliwe kidogo kuliko unavyoweza, si zaidi ya unavyoweza. La tatu ni pumziko, maana msuli haujengwi wakati wa kazi. Hujengwa wakati wa kutulia baada ya kazi. Likikosekana la kwanza, zoezi huwa utumwa. Likikosekana la pili, huwa jeraha. Likikosekana la tatu, huwa uchakavu. Karani alikuwa na hiari na pumziko, akakosa mwendo. Mpagazi alikuwa na mwendo, akakosa mengine. Kila mmoja alikuwa na nusu ya dawa ya mwenzake.

Shirika la Afya Duniani liliagiza mwaka wa 2020 kwamba mtu mzima apate kwa juma dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, au dakika 75 hadi 150 za mwendo wa nguvu, na mara mbili au zaidi aitumie misuli yake kwa kazi ya uzito. Lilikadiria pia kwamba mwaka wa 2022 watu wazima 31 katika kila 100 duniani hawakufikia kiasi hicho. Tanzania haikukaa kimya. Mwishoni mwa mwaka wa 2016 Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati ule alikuwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi kwa ajili ya kupambana na maradhi yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatajwa kuwa siku ya kazi hiyo. Zanzibar huipa mazoezi siku ya kwanza ya mwaka. Siku hizi ni njema kama ngoma ya kuwaita watu. Lakini ngoma huita tu, hailimi shamba. Aliyetembea Jumamosi moja akakaa siku 29 amehudhuria sherehe ya mazoezi. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba cha afya hakijazwi kwa pishi moja la mwezi.

Tena si vyema amri ya kutembea itolewe kwa miguu peke yake. Yafaa itolewe kwa mji pia. Mtembea kwa miguu anahitaji njia ambayo haikukaliwa na magari, kivuli cha mti, na taa jioni. Mwanamke anahitaji zaidi ya hayo, kwani akikimbia barabarani hutazamwa kama aliyeibiwa, na wengi huona afadhali kukaa kuliko kutazamwa. Mpagazi anahitaji gurudumu badala ya shingo, maji ya kunywa, na bei ya mzigo itakayomwezesha kubeba magunia machache akalisha watoto wale wale. Kumwambia mtu apumzike bila ya kumwachia njia ya kupumzika ni kama kumwambia mwenye njaa kwamba chakula ni kitamu.

Ndugu wale wawili hawakungoja mji ubadilike. Mpagazi alikubali vidonge kwa shida, akapunguza chumvi kwa shida kubwa zaidi. Aliungana na mwenzake mmoja wakaununua mkokoteni, wakapokezana, mmoja akisukuma na mmoja akikaa kivulini. Mapato hayakuongezeka, na siku nyingine yalipungua. Hilo ni gharama, na haifai kulificha. Karani naye alitambua kwamba tabibu alimwagiza miguu tu, hali mikono yake ilikuwa imelala miaka 20.

Basi wakafanya mapatano. Kila Jumamosi adhuhuri karani huenda Kariakoo kwa miguu. Huko hununua mahitaji ya nyumba zote mbili: unga, mchele, nazi, viazi na ndizi za kwao Uluguru. Wanaporudi Kivukoni, karani hubeba vikapu vyote viwili, na mpagazi hutembea mikono mitupu.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ngumu kwa wote wawili. Karani alitua mzigo mara nne kabla ya kuifikia sanamu ya Askari. Mpagazi aliteseka zaidi. Mikono yake haikujua iwekwe wapi. Aliikunja, akaikunjua, akaitia mfukoni, akaitoa. Mara mbili alinyosha mkono apokee kikapu, na mara mbili mdogo wake alikataa. Walipoifikia sanamu walisimama kivulini ili karani apumue. Mpagazi aliinua macho akaitazama bunduki ya askari yule wa shaba, kisha akaitazama njia waliyotoka.

"Miaka 24 napita hapa," alisema. "Sikupata kujua kwamba pana upepo."

Karani hakuponyoka kabisa katika maradhi yake, wala mpagazi. Vidonge vyao vimo katika mfuko mmoja wa karatasi, na vipimo vyao hupanda na kushuka kama maji ya bahari wanayoivuka. Lakini vimeshuka zaidi ya vilivyopanda. Mwili ni amana. Hauombi makuu kwa mwenyewe. Aliyekaa huombwa ainuke, na aliyebeba huombwa atue. Mji ulio mwema ni ule ambao maombi yote mawili yanaweza kujibiwa.